Harage la Shangazi Namkunda

“Tulia, shangazi. Hii ni mara ya tatu.”

“Nimetulia!” Shangazi Namkunda alikuwa na mikono yote miwili ndani ya beseni, anasugua udongo kwenye tangawizi. “Unataka nitulie namna gani zaidi? Nijifie kabisa, ndiyo upate kuandika vizuri?”

Nakijwa alikigandamiza kisomaji chini ya mtulinga wa shangazi yake, pale ngozi ilipokuwa na kivimbe kidogo, akahesabu pumzi kumi kimoyomoyo. Kisomaji kilikuwa cha kuunda mwenyewe. Mwili wake ulitokana na redio ya marehemu baba yake, na kioo kilitoka kwenye mizani ya maziwa. Kilichukua muda, lakini hakikuwahi kumdanganya.

Namba zikatokea. Mapigo ya moyo tisini na manne. Joto thelathini na saba na nusu. Kisha ikawaka taa ya kijani, maana yake harage, kile kifaa kidogo kilichopandikizwa chini ya ngozi, limeridhika: kwa hesabu zake, Shangazi Namkunda alikuwa shwari.

“Umetoka kupanda mlima?”

“Nimekaa hapa tangu chai.”

“Una homa? Kichwa kinauma? Umekunywa kahawa?”

“Jamani, mbona unanihoji kama wakili!” Shangazi akacheka, akachukua kipande cha tangawizi kilichooza akamtupia jogoo aliyekuwa anakuja kupeleleza beseni. Akamkosa, akacheka tena. “Nakijwa, mwanangu, mimi sijawahi kuwa mzima kama sasa. Juzi nimeshuka bondeni na kupanda mara mbili. Kwaya wameniweka mstari wa mbele. Andika hivyo: mzima.”

Nakijwa aliandika namba. Kisha akafungua kurasa za nyuma za daftari, ingawa alikwisha kujua atakachokikuta. Wiki kumi na moja zilizopita, beseni lile lile, kigoda kile kile: mapigo sabini na moja, joto thelathini na sita nukta saba.

Kwa mtu mwingine tofauti hiyo isingekuwa habari kubwa. Lakini Shangazi Namkunda, akiwa na miaka tisa, aliugua homa ya baridi yabisi, ikamwachia moyo wenye kilango kimoja kisichofunga sawasawa. Moyo wa namna hiyo ni kama mlango wenye bawaba moja. Utadumu miaka mingi, mradi usifunguliwe na kubamizwa kutwa nzima. Sasa ulikuwa unabamizwa mara ishirini na tatu zaidi kila dakika, hata mwenyewe akiwa amelala, na taa ikiwaka kijani.

“Shangazi, baada ya wiki tatu zamu yenu inashuka tambarare, siyo?”

“Tunashuka kwenye vibanda vya kukaushia. Nimeshafunga mzigo.” Akainua kichwa. “Kwa nini?”

“Nauliza tu,” alisema Nakijwa. Hakuwa mtu wa kusema jambo kabla hajalipima mara tatu, na hili alikuwa amelipima mara tatu ndani ya mwili mmoja tu.

*

Kufikia saa sita mchana alikuwa amezipima nyumba nane. Kila nyumba namba zilikuwa zimepanda, huyu mapigo kumi na nane, yule ishirini na mawili, na joto limeongezeka karibu digrii moja. Na kila nyumba taa ilikuwa ya kijani.

Hakuna aliyelalamika. Hilo lenyewe lilikuwa la kushangaza, kwa sababu Mavumbe ni kijiji cha Wapare, na Mpare asiye na lalamiko huangaliwa kwa wasiwasi na jirani zake. Nakijwa alipopita kwenye ofisi ya baraza alimkuta karani, Bwana Sekiete, ameegemea dirisha anapiga mluzi.

“Kesi ngapi wiki hii, karani?”

“Hakuna.”

“Wiki iliyopita?”

“Hakuna. Wiki ya tisa hii sijaandika shauri hata la kuku.” Akageuza daftari la mashauri amwonyeshe. Chini ya shauri la mwisho alikuwa ameanza kuandika namna ya kupika keki ya mihogo. “Mwenyekiti anasema ni neema. Mimi nasema nitasahau kazi.”

Nakijwa akashika njia ya karakana yake huku anawaza. Zamani jengo lile lilikuwa kituo cha kukusanyia maziwa. Sasa lilikuwa na meza ndefu, mitungi ya betri, na ukuta mzima wa michoro aliyoichora kwa kalamu ya mkaa alipokuwa anajifundisha kazi. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kutengeneza friji, na siku alipoelewa kwa nini friji huunguruma kisha hunyamaza, alihisi ameelewa nusu ya dunia. Ndani yake kuna kijidude kinachojua ubaridi unaotakiwa. Joto likizidi, kinaiamsha mashine. Ubaridi ukitosha, kinailaza. Hakilali chenyewe.

Mwili nao una kijidude chake, kipande cha ubongo kidogo kama kunde, kinacholinda joto, maji, chumvi na sukari ya damu. Ukipata joto kinakutoa jasho. Ukipata baridi kinakutetemesha, maana misuli ikitetemeka huzaa joto. Maji yakipungua kinakupa kiu na kuzibana figo. Wazee wa Upare walilifahamu jambo hilo bila vitabu, kwa sababu walijenga ndiva, yale mabwawa ya juu mlimani yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Maji huingia, maji hutoka, lakini mlinzi wa ndiva ana alama yake kwenye jiwe. Yakizidi anafungua, yakipungua anaziba.

Kwa miaka mingi mlinzi wa mwilini alitosha. Kisha ikaja miaka ya joto, ambapo tambarare iliyo chini ya milima ilifika digrii arobaini na saba, na watu walioshuka kukausha tangawizi wakawa wanadondoka mmoja mmoja, jasho limewakauka. Ndipo yalipoletwa maharage. Harage haliuamrishi mwili. Linanong'ona tu kwenye mshipa wa fahamu upitao shingoni: toa jasho sasa, usingoje, punguza mapigo, kunywa. Ni msaidizi wa mlinzi wa ndiva. Lakini msaidizi naye lazima aonyeshwe alama kwenye jiwe.

Maharage ya kwanza yalikuja na alama moja kwa watu wote, iliyopimwa mbali, kwa watu wengine. Haya mapya yalikuwa bora: kila mtu na alama yake. Ulitakiwa uwakusanye watu asubuhi, hawajala, wamelala vizuri, wakae kimya saa nzima na macho yamefumbwa. Harage lingesikiliza, na hali ambayo lingeikuta saa ile ndiyo lingeilinda daima. Waliuita mstari wa shwari.

Wiki kumi zilizopita Nakijwa aliwakusanya watu arobaini na sita katika ukumbi wa shule.

Sasa aliketi mezani akaitoa kumbukumbu ya asubuhi ile, dakika kwa dakika, akaichora kwenye ukuta, mtu juu ya mtu. Ilimchukua hadi saa tisa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akakaa juu ya ndoo.

Mistari arobaini na sita ilianza chini, imelala kama watoto. Saa moja kasoro robo, yote, katika dakika ile ile, iliruka juu. Na haikushuka tena.

“Kulitokea nini?” aliuliza ukuta.

Yeye mwenyewe hakuwepo. Hilo alilikumbuka, na lilimchoma. Aliyawasha maharage saa kumi na mbili na nusu, akasikia mtambo wa umeme wa mtoni unakohoa, akatoka kwenda kuurekebisha. Aliporudi, watu walikuwa wamekaa wima, kimya, macho wamefumba, na taa zote za kijani. Alifungua daftari ukurasa wa siku ile. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kujitahidi: *Nyuso za wengi zimelowa machozi. Huenda ni moshi wa kuni.*

*

“Hakuna kilichotokea,” alisema Bwana Sekiete, akiangalia dari.

“Karani, mapigo ya watu arobaini na sita hayapandi pamoja bila sababu. Tetemeko? Nyoka?”

“Hakuna cha kusema, binti.”

“Hakuna kilichotokea, au hakuna cha kusema?”

Karani akakohoa, akalifunika daftari lake la keki, akasema ana wageni. Hakukuwa na wageni. Nakijwa akaenda kwa mwalimu wa kwaya, akapata jibu lile lile na tabasamu lililomezwa. Alipotoka hapo alianza kuona kwamba kijiji kizima kinamficha kitu, na si kwa ubaya.

Aliyempa jibu alimkuta kituo cha gari la kamba, amelala kifudifudi juu ya magunia, anapaka grisi gurudumu. Aliitwa Lyimo. Alikuwa Mchaga kutoka Marangu, na kwa miaka sita ndiye aliyeshusha tangawizi ya Mavumbe kwenda tambarare kwa kamba ya chuma, kazi ambayo Wapare walisema wamempa kwa sababu akidondoka hapatakuwa na hasara.

“Mtani!” Lyimo aliinuka. “Nasikia unazunguka kijiji unauliza habari za ile asubuhi. Mbona hukuanza na mimi? Au unaogopa utajibiwa?”

“Wewe ulikuwa ukumbini?”

“Mimi ndiye nilikuwa *shughuli* yenyewe.” Akajifuta mikono. “Sikiliza. Nimekuja kuazima nyundo shuleni. Nachungulia ukumbini, nakuta Wapare arobaini na sita, wamekaa, wamefumba macho, wamenyamaza. Wapare! Wamenyamaza! Nikajua ni msiba. Haya, mtani akikuta msiba afanye nini?”

Nakijwa alijua mtani afanyacho msibani. Ni haki yake na ni wajibu wake: kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke, ili moyo usivunjike.

“Ukafanya nini, mtani?”

“Nikalala mlangoni, nikajifunika gunia. Nikasema, nizikeni mimi kwanza, Mchaga hapangi foleni nyuma ya Mpare. Kimya. Nikasema, basi marehemu anataka kufungua kesi, jeneza ni fupi, na shahidi ni kuku. Hapo mzee mmoja akakoroma kwa pua. Nikachukua mfuniko wa sufuria yenu ya makande nikauvaa, nikawa hakimu. Nikahukumu ile kesi ya kuku tangu baraza mpaka mahakama ya rufaa. Saa nzima, mtani! Wamecheka mpaka madawati yanalia. Na unajua lililonimaliza? Hawakufumbua macho. Hata mmoja. Hawakutoka kwenye viti. Ulikuwa umewaambia wasifumbue macho, basi wanacheka wamefumba, machozi yanachuruzika. Nikasema watu hawa wana nidhamu ya kutisha.”

Nakijwa aliketi juu ya gunia. Kicheko kilimpanda, akakizuia, kikamshinda. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akajifuta macho, akasema polepole: “Na hakuna hata mmoja aliyeniambia.”

“Wangekuambiaje? Mtani hashtakiwi.”

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na Nakijwa alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nati iliyopotea na kuonekana chini ya mguu wake mwenyewe. Watu wanaoweza kushtakiana kwa ajili ya kuku mpaka rufaa, hawawezi kumsema mtani hata kwa neno moja. Alichofanya mtani ni kama hakijafanyika. Na maharage, yasiyojua mila za mtu, yalisikiliza kicheko cha karibu saa nzima, yakaandika: hii ndiyo shwari. Tangu siku ile, kila mwili wa Mavumbe ulipotaka kurudi chini kupumzika, harage liliunong'oneza: bado, panda.

“Ni vibaya?” Lyimo aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. “Nimewaumiza?”

“Wengi wao bado. Lakini wakishuka tambarare, miili yao itachelewa kutoa jasho, maana itadhani joto lile ni la kawaida. Na kuna mmoja mwenye moyo mbovu.” Akasimama. “Si wewe, mtani. Niliondoka ukumbini. Mwenye kosa ni mimi.”

“Basi rekebisha.”

“Naweza,” alisema Nakijwa.

Na kweli angeweza. Alikuwa na namba za zamani za kila mtu kwenye daftari. Kwenye meza ya karakana, kwa kubofya mara moja, angeyatumia maharage yote arobaini na sita alama mpya, na kesho watu wangeamka wakiwa wazito kidogo, wangesema ni ukungu, wangeendelea na maisha yao. Alirudi karakana, akaitayarisha amri ile. Alikaa mbele yake kwa muda, kidole hewani.

Kilichomzuia hakikuwa woga. Ilikuwa kwamba siku hiyo asubuhi shangazi yake alisema hajawahi kuwa mzima kama sasa, naye alisema kwa furaha, na furaha ile aliiishi wiki kumi. Aliyeitia mwilini mwake bila kumwuliza ni Nakijwa. Sasa Nakijwa huyo huyo aitoe, tena bila kumwuliza? Friji haina la kusema. Lakini shangazi si friji.

Akaifunga amri ile bila kuituma, akachukua daftari na kisomaji, akarudi kwa Shangazi Namkunda.

*

Alimweleza yote, kwa utaratibu, tangu mtambo wa mtoni mpaka kilango cha moyo. Shangazi alisikiliza huku anakata tangawizi vipande. Alipofika kwenye mfuniko wa sufuria, shangazi alitabasamu. Alipofika kwenye tambarare, kisu kikasimama.

“Kwa hiyo unataka kunirudisha nilivyokuwa.”

“Nataka kukuuliza.”

“Nilikuwaje, Nakijwa? Wewe umekulia hapa. Sema.”

Nakijwa alitafuta neno la heshima. “Ulikuwa mtu wa maneno machache, shangazi.”

“Na yote ya lawama. Sema tu.” Shangazi aliweka kisu chini. “Miaka kumi na moja sikuzungumza na Nanzia. Dada yangu, tumbo moja, shamba lake na langu yamegawanywa na mfereji. Kisa ni nini? Alipitiliza zamu yake ya maji nusu saa. Tumeshtakiana mara tano. Kisha asubuhi moja naamka, moyo mwepesi, nacheka na jogoo, nikachukua bakuli la makande nikampelekea. Hivi hivi. Sasa unaniambia haikuwa mimi. Ilikuwa harage.” Macho yake yalikuwa yamelowa, na bado sauti ilicheka, kwa sababu harage halikumwachia ashuke. “Harage hili limenirudishia dada yangu. Bora moyo uchoke.”

“Huenda ni harage,” alisema Nakijwa. “Huenda harage lilifungua mlango tu, ukaingia mwenyewe. Mimi sijui, na wewe hujui. Ndiyo maana nataka tupime.”

“Utapimaje?”

“Tulilaze. Nusu siku tu. Huku juu kuna ukungu, mwili wako unajiweza wenyewe. Twende kwa Shangazi Nanzia, tuone. Usipopenda, sitakulazimisha. Nitakuandika umekataa, na nitakuja kukupima kila asubuhi mpaka unichoke.”

Shangazi alijifuta mikono. “Umemrithi bibi yako. Alikuwa anakuomba kitu mpaka unajiona wewe ndiye uliyeomba.” Akaivuta kanga chini ya bega. “Haya. Lilaze.”

Nakijwa aliligusa harage kwa kisomaji. Taa ya kijani ikazimika.

Kwa robo saa halikutokea jambo. Kisha jasho jembamba likamtoka shangazi kwenye paji la uso na juu ya mdomo, kama la mtu ambaye homa inamwachia: mlinzi wa zamani alikuwa ameona maji yamezidi alama yake, anafungua mlango. Akapiga miayo. Akapiga miayo tena, mirefu, ya wiki kumi.

“Mungu wangu,” alisema. “Nimechoka.”

“Themanini na mbili,” alisoma Nakijwa. Baadaye: “Sabini na saba.”

Saa kumi na moja waliondoka. Shangazi hakuimba njiani. Alitembea anatazama chini, na Nakijwa nyuma yake alianza kujiuliza kama amefanya sawa. Walipofika kwenye mfereji, shangazi alisimama ghafla.

Lango dogo la mbao lilikuwa wazi. Maji yalikuwa yanakwenda kwenye shamba la Nanzia, yanang'aa kati ya matuta. Na zamu ya Nanzia ilikwisha saa kumi na nusu. Kila mtu wa Mavumbe anajua zamu za wenzake kuliko siku za kuzaliwa za wanawe.

“Nusu saa,” alisema Shangazi Namkunda kwa sauti ambayo Nakijwa hakuwa ameisikia kwa wiki kumi. “Nusu saa ile ile!”

Kisomaji kilikuwa bado mkononi. Themanini na nane. Tisini na tano. Mia na mbili.

“Nanzia!” alipaza sauti. “We Nanzia! Mwizi wa maji!”

Nanzia alitoka nyuma ya migomba taratibu, jembe begani. Alikuwa mfupi kuliko dada yake na mnene kidogo, na hakuonekana kushtuka. Alikuja mpaka kwenye mfereji, akaweka jembe chini.

“Namkunda, ndiyo wewe?”

“Ni nani mwingine? Funga maji!”

“Wiki nzima hii nayaacha makusudi,” alisema Nanzia. “Kila siku nazidisha zamu. Jumatatu robo saa, jana dakika ishirini. Unapita, unaona, unacheka, unaendelea. Unaniletea makande, unacheka. Usiku nalala najiuliza, huyu amenisamehe, au amerogwa? Maana dada yangu ninayemfahamu hawezi kupita penye zamu yake iliyoibiwa akapiga mluzi. Nikasema, siku atakaponitukana, nitajua amerudi, na hapo ndipo nitajua kama amenisamehe.”

Shangazi Namkunda aliinama, akashika lango la mbao, akalisukuma kwa nguvu hadi likafunga. Maji yakageuka, yakaingia upande wake. Akainuka polepole, mkono kiunoni.

“Una akili mbovu,” alisema.

“Tumezaliwa tumbo moja.”

“Ungeniuliza tu!”

“Na wewe miaka kumi na moja ungeniuliza!”

Kisha kitu kikamtoka Shangazi Namkunda puani, kama mkoromo, na Nanzia akaufuata, na wote wawili wakashikana mikono juu ya mfereji, kila mmoja upande wake, wanacheka na kutukanana. Nakijwa alikisogeza kisomaji bila kuwakatiza. Mia na kumi na mbili. Aliuma mdomo, akangoja.

Waliketi kwenye ukingo. Nanzia akatoa maharage mabichi kwenye mfuko wa aproni, wakaanza kuyabambua pamoja bila kukubaliana. Mia na moja. Tisini. Themanini na moja. Hakuna aliyeunong'oneza moyo ule jambo lolote. Ulikuwa umepanda kwa hasira, ukapanda zaidi kwa kicheko, na sasa ulikuwa unarudi wenyewe, unalitafuta jiwe lake.

“Sabini na nne,” alisema Nakijwa.

“Usifurahi mapema,” Shangazi Namkunda alimwambia bila kuinua kichwa. “Sasa hivi nina raha kwa sababu nimemtukana. Raha ya leo si kipimo. Kesho asubuhi njoo kabla sijala. Nikiamka na kinyongo, utaniwashia harage langu la kicheko, na moyo ukipasuka ni wangu.”

“Nitakuja,” alisema Nakijwa. Aliona ni haki. Yeye mwenyewe hakuamini kipimo cha mara moja.

“Na wale wengine?”

“Kesho saa tatu, ukumbini. Nitasimama mbele yao niseme nilikosea. Kisha mmoja mmoja, anayetaka.”

“Karani atataka upesi,” alisema Nanzia. “Anakufa kwa njaa ya kesi.”

“Na yule Mchaga?” aliuliza Shangazi Namkunda. “Ukiwanyamazisha tena na yeye yupo, umepoteza muda wako bure.”

“Nitampa kazi ya kulinda mlango. Nje.”

Dada wawili walitazamana.

“Atalinda mlango,” alisema Nanzia, “wa upande gani?”

Nakijwa hakuwa amelifikiria hilo. Akalifungua daftari juu ya goti, akaandika: *Lyimo – apelekwe tambarare kesho asubuhi na gari la kwanza.* Chini yake akaandika majina arobaini na sita, akachora kisanduku mbele ya kila jina. Jina la kwanza lilikuwa la Namkunda. Aliiweka penseli kwenye kisanduku kile, akafikiri, akaiondoa. Aliandika pembeni, kwa herufi ndogo: *bado*.

Nyuma yake walikuwa wameanza kubishana ni nani atakayeloweka mahindi ya makande ya kesho, na ni zamu ya nani. Akaiacha penseli katikati ya ukurasa, akalifunga daftari.